Shahidi aliyeomba kupelekwa malishoni: uchambuzi wa kisa cha Mfalme Oedipus

Katika tamthiliya ya Sophocles, mwandishi wa Ugiriki ya kale, kuhusu Mfalme Oedipus yumo mtu mmoja ambaye wasomaji wengi humpita haraka. Hana jina. Ni mtumwa aliyekulia katika nyumba ya mfalme Laius wa Thebes, na ndiye pekee aliyenusurika siku Laius alipouawa njiani. Alirudi mjini akasema wamevamiwa na majambazi. Baadaye akamwona mgeni Oedipus ameketi kwenye kiti cha marehemu bwana wake. Hapo akamshika malkia Jocasta mkono, akamsihi ampeleke mashambani akachunge, mbali kabisa, asipate hata kuuona mji. Malkia akakubali. Aliona kwamba mtumwa mwaminifu kama yule angestahili hata fadhila kubwa kuliko hiyo.

Hakuna aliyemuuliza kwa nini anataka kuondoka.

Naanza na mtu huyu kwa sababu kisa hiki kimezoeleka kusomwa kama habari ya mtu mmoja: majaaliwa yalimwinda, kiburi kikamponza, macho anayo na haoni. La kuvunda halina ubani, tunasema, na kitabu tunakifunga. Faili la kesi likifunguliwa upya, mle ndani kuna mji mzima wa watu waliojua, au waliokuwa na uwezo wa kujua, na karibu wote walinyamaza isipokuwa yule ambaye ukweli ungemwangamiza. Kosa la Oedipus lipo na ni kubwa. Ila haliko pale linapotafutwa mara nyingi.

Mambo yalivyotokea

Sophocles haanzi mwanzo. Anaanza asubuhi ya siku ya mwisho, Thebes ikiwa inateketea kwa tauni: mazao yananyauka shambani, mifugo inakufa, wanawake wanajifungua watoto wafu. Yaliyotangulia tunayapokea vipande vipande kutoka vinywani mwa watu, mara nyingine kwa mpangilio wa kupotosha. Yakipangwa kwa wakati, yanakwenda hivi.

Laius aliambiwa na mungu Apollo kwamba atauawa na mtoto atakayemzaa na Jocasta. Mtoto alipozaliwa, hata siku tatu hazijatimia, akatobolewa na kufungwa vifundo vya miguu, akatolewa akatupwe kwenye mlima Kithairon. Mtumwa aliyepewa kazi hiyo alimwonea huruma, akampa mchungaji mwenzake kutoka Corinth, naye akampelekea mfalme wake, Polybus, aliyekuwa hana mtoto. Polybus na mkewe Merope wakamlea kama wa kuzaa.

Akiwa kijana, kwenye karamu moja, mlevi alimwambia kwamba yeye si mtoto wa baba yake. Kesho yake akawauliza wazazi. Wakamkasirikia sana yule mlevi, lakini ukweli hawakumwambia. Neno lile likaendelea kumla ndani kwa ndani, mpaka akatoka bila kuaga akaenda kwenye hekalu la Delphi kumuuliza Apollo. Mungu hakumjibu alichokijia. Alimwambia jambo jingine: utamuua baba yako na kulala na mama yako. Oedipus akaapa asikanyage tena Corinth, akashika njia ya kwenda kwingine.

Kwenye njia panda katika nchi ya Phocis, pale barabara ya Delphi inapokutana na ile ya Daulia, akakutana na gari la farasi lililombeba mtu mzima na wafuasi wachache. Wakataka kumwondoa njiani kwa nguvu. Oedipus akampiga aliyemsukuma, na yule mtu mzima ndani ya gari akamvizia anapita akamtwanga kichwani kwa fimbo ya kuswagia wanyama. Oedipus akamwangusha kwa pigo moja la bakora, kisha akawaua wenzake. Aliamini amewamaliza wote.

Akafika Thebes, ambako zimwi la kike, Sphinx, alikuwa akiwaangamiza watu kwa kitendawili chake. Oedipus akakitegua. Mji ukampa shukrani ya kiti cha ufalme kilichokuwa wazi, pamoja na mjane. Wakazaa wana wawili na mabinti wawili.

Kwa hiyo pazia la kisa linapofunguka, kila alichotabiri Apollo kimekwisha kutimia, tena zamani. Katika siku ile moja tunayoitazama jukwaani hakuna utabiri wa zamani unaosubiri kutimizwa. Kilichobaki ni kujua.

Swali alilokwenda nalo Delphi

Voltaire, mwandishi Mfaransa ambaye tamthiliya yake mwenyewe ya Oedipus ilichezwa Paris mwaka 1718, alimlaumu Sophocles kwa mambo yasiyoingia akilini. Inawezekanaje mfalme akae kitini miaka yote hiyo bila kuuliza aliyemtangulia alikufaje? Lawama hiyo ina haki yake. Na kuna nyingine ambayo hata mwanafunzi wa sekondari huiona mara moja: mtu aliyetoka kuambiwa kwamba atamuua baba yake, anathubutuje kunyanyua fimbo dhidi ya mwanamume yeyote mwenye umri wa kumzaa? Anathubutuje kuoa mjane? Baadaye Jocasta mwenyewe anamweleza Laius alivyokuwa: mvi zilikuwa zimeanza kumtoka, na umbo lake halikuwa mbali na lako. Mke anamwambia mumewe kwamba anafanana na marehemu, na wote wawili wanalipita neno hilo kana kwamba ni habari ya hali ya hewa.

Jibu, kwa maoni yangu, liko Delphi. Oedipus alikwenda kule na swali moja: wazazi wangu ni nani? Alikwenda kwa sababu alikuwa na shaka juu ya Polybus. Hakujibiwa. Mwenyewe anasimulia kwamba Apollo alimrudisha bila kumpa alichokijia. Ila alipotoka mlangoni alikuwa anamkimbia Polybus! Tazama alichokifanya hapo. Huwezi kumkimbia Polybus ili usimuue baba yako bila kuamini kwanza kwamba Polybus ndiye baba yako. Swali ambalo mungu alikataa kulijibu, Oedipus alilijibu mwenyewe pale pale, bila kujua kwamba amelijibu. Hofu ya dhambi ilimrudishia wazazi ambao mlevi alikuwa amemnyang'anya.

Hapa ndipo upofu wake ulipoanzia, na ninaona ni jambo la kibinadamu mno kuliita upumbavu. Mtu anapoambiwa habari ya kutisha namna ile, swali dogo la kwanza hufunikwa na lile kubwa la pili. Tangu siku hiyo akajiona ni kijana mwema aliyeiacha nyumba, urithi na wazazi ili asitende uovu. Simulizi hiyo ilikuwa nzuri, ilimpa heshima machoni pake mwenyewe, na sehemu kubwa ilikuwa kweli. Juu ya simulizi hiyo akajenga kila kitu. Mtu mzima wa njia panda hakuweza kuwa baba yake, maana baba yuko Corinth. Mjane wa Thebes hakuweza kuwa mama yake kwa sababu hiyo hiyo.

Majaaliwa katika kisa hiki yanapita katika juhudi za watu kuyakwepa. Laius anamtupa mtoto, na kwa kumtupa anahakikisha kwamba siku moja watakutana bila kujuana. Oedipus anaondoka Corinth, na kuondoka kwake kunamfikisha njia panda. Hakuna mahali ambapo mungu anamshika mtu mkono.

Kiburi cha mtu aliyewahi kuwa sahihi peke yake

Tukirudi kwenye siku yenyewe, Oedipus anaanza vizuri kabisa. Wananchi wanapokuja kulia tayari amekwisha kumtuma shemeji yake Creon kwenda Delphi. Creon anarudi na kauli: muuaji wa Laius yumo mjini, naye ni najisi inayouua mji, afukuzwe au damu ilipwe kwa damu. Creon anataka wazungumze ndani. Oedipus anakataa, anasema sema hapa hapa mbele ya watu wote. Ningependa kuongozwa na mtu wa namna hiyo.

Anahoji kama mpelelezi: aliuawa wapi, nani alikuwa naye, nani amebaki hai, alisema nini? Creon anajibu kwamba aliyebaki alisema walikuwa majambazi, kundi zima. Oedipus anadakia: jambazi angethubutuje kufanya hivyo kama hakulipwa fedha kutoka huku? Majambazi, anasema Creon. Jambazi, anasema Oedipus. Ulimi wake umefika mahali ambapo akili bado haijafika, na Sophocles anaacha neno hilo lipite bila yeyote jukwaani kuligusa.

Kisha analaani. Muuaji asipewe makao, asisemeshwe, asishiriki sala wala kafara. Na kama muuaji huyo anaishi katika nyumba yangu nami najua, laana hizi zinirudie mimi. Anaahidi kumpigania Laius kama ambavyo angempigania baba yake mzazi. Watazamaji wa Athens, waliokuwa wanakijua kisa hiki tangu utotoni, walisikia yote hayo wakijua mwisho wake.

Anaitwa Tiresias, mwaguzi kipofu. Tiresias anafika na kujuta kuja. Anaomba arudi nyumbani. Oedipus anamwomba, kisha anamsihi, kisha anamfokea: basi wewe ndiye uliyepanga mauaji haya, na kama ungekuwa na macho ningesema umeyatenda peke yako. Ndipo mwaguzi anasema waziwazi: muuaji unayemtafuta ni wewe. Neno hilo liko kwenye mstari wa 362 wa tamthiliya yenye mistari 1,530 hivi. Hata robo haijafika, na mpelelezi amekwisha kupewa jina la mtuhumiwa, kwa lugha isiyo na fumbo.

Kwa nini hasikii? Kwa sababu anauliza swali jingine. Badala ya kuuliza kama lililosemwa ni kweli, anauliza nani ananufaika nikianguka. Aliyemshauri amwite Tiresias ni Creon. Creon ndiye mwenye nafasi ya kurithi kiti. Basi hii ni njama ya shemeji na mganga wake. Kwa mtawala yeyote, hesabu hiyo ina mantiki, na viongozi wengi waliodumu madarakani wamedumu kwa sababu ya kuipiga haraka. Yenyewe ndiyo inayomziba masikio.

Halafu anatoa hoja inayotufunulia moyo wake. Sphinx alipokuwa hapa, anamuuliza Tiresias, ulikuwa wapi na ndege zako wa kuagulia? Nilikuja mimi, Oedipus nisiyejua lolote, nikamnyamazisha kwa akili yangu, bila kufundishwa na ndege yeyote. Kiburi chake ni hicho. Hamtukani Apollo, anatuma watu Delphi, anatii kauli, anatangaza laana kwa jina la mungu. Kiburi chake ni cha mtu aliyewahi kuwa sahihi peke yake wakati wajuzi wote wameshindwa, mara moja, katika jambo kubwa, mbele ya mji mzima. Ushindi wa namna hiyo ni vigumu kuusahau. Tiresias anamjibu kwamba unanisimanga kwa upofu wangu, nawe una macho na huoni umesimama wapi, unaishi wapi, wala unaishi na nani.

Kwa upande mwingine, Oedipus ana swali moja zuri ambalo tamthiliya haimjibu kamwe. Anamuuliza Creon: Laius alipouawa, mwaguzi huyu alikuwepo? Alikuwepo. Alinitaja? Hakukutaja. Mbona alinyamaza? Sijui, anasema Creon, na nisilolijua silisemi. Ni swali la mpelelezi wa kweli. Kama Tiresias alijua, basi aliishi mji mmoja na mfalme aliyemuoa mama yake, watoto wanne wakazaliwa, na hakusema. Hata siku yenyewe anasema kwa hasira, baada ya kutukanwa. Wanaopenda kumtukuza Tiresias kama mtu wa kweli mbele ya mwenye nguvu wamesahau miaka hiyo ya kimya.

Vifundo vya miguu

Jocasta anaingia kuwaamua mumewe na kaka yake, na kwa nia njema anafanya jambo la hatari. Anataka kumthibitishia Oedipus kwamba waaguzi hawana lolote. Laius aliambiwa atauawa na mwanawe, anasema, na tazama: mtoto alitobolewa vifundo vya miguu akatupwa mlimani, na Laius akauawa na majambazi wageni kwenye njia panda.

Habari mbili ziko katika maneno hayo. Ya njia panda na ya miguu. Oedipus anashtuka kwa ya njia panda. Anaanza kuuliza mahali, wakati, idadi ya wafuasi, sura ya marehemu. Ya miguu inampita, yeye ambaye ana makovu ya utotoni kwenye vifundo vyote viwili. Baadaye mjumbe wa Corinth atakapomwambia kwamba miguu yake ni ushahidi, atajibu kwa uchungu: mbona unanitajia balaa hilo la zamani? Kovu analijua sana. Ameishi nalo muda mrefu hata halimwambii tena kitu. Binafsi naona hii ndiyo sehemu bora kuliko zote, kuliko hata ile ya macho, kwa jinsi ilivyo ya kawaida. Hofu yake sasa ni kwamba huenda alimuua Laius. Kwamba Laius anaweza kuwa baba yake, hilo haligusi hata kwa mbali, kwa kuwa baba yuko Corinth. Simulizi ya zamani bado inafanya kazi yake.

Anabakiwa na tumaini moja, nalo ni la hesabu. Shahidi alisema majambazi wengi. Mimi nilikuwa peke yangu. Mmoja hawezi kuwa sawa na wengi. Basi aitwe yule mtumwa wa malishoni, arudie kauli yake. Akishikilia kwamba walikuwa wengi, mimi si muuaji.

Mtumwa anaitwa. Kabla hajafika, anatokea mjumbe wa Corinth na habari njema: Polybus amefariki kifo cha uzee, na watu wa kule wanataka Oedipus awe mfalme wao. Oedipus anashusha pumzi. Bado anamwogopa mama. Mjumbe, akitaka kumtoa hofu na pengine kupata zawadi, anamwambia asiogope, kwani Polybus na Merope hawakumzaa. Mimi mwenyewe nilikupokea ukiwa mchanga kutoka kwa mchungaji wa Laius. Mwanafalsafa Aristotle, katika maandishi yake kuhusu ushairi ya karne ya 4 K.K., alikitaja hasa kitendo hiki kuwa mfano wa mambo kugeuka: aliyekuja kumwondolea mtu hofu ndiye anayemfikisha kwenye kile alichokihofia.

Mchungaji aliyempa mtoto na shahidi aliyenusurika njia panda ni mtu mmoja.

Jocasta ameelewa. Alikuwa ndiye aliyesema dakika chache nyuma kwamba binadamu hutawaliwa na bahati nasibu na ni heri kuishi bila kuhesabu sana. Sasa anamwomba mumewe kwa jina la miungu asiendelee kuulizia. Oedipus anadhani mke anaona aibu kwamba huenda ameolewa na mtoto wa mtumwa. Anajiita mtoto wa Bahati, na anasema hataacha kujua asili yake hata iwe duni namna gani. Kiburi tena, lakini safari hii kinamsukuma mbele kwenda kwenye ukweli. Mtu mnyenyekevu angemsikiliza mkewe, na asingejua mpaka anakufa.

Mchungaji anapoletwa ni mzee. Anakana, anajifanya hakumbuki, anataka yule wa Corinth anyamaze. Oedipus anaamuru afungwe mikono nyuma. Ndipo maneno yanatoka moja moja. Mtoto alitoka katika nyumba ya Laius. Nasikia alikuwa wake. Nani alikupa? Jocasta alikuwa amesimulia kwamba Laius alimtoa mtoto kwa mikono ya watu wengine. Mchungaji anasema aliyenikabidhi ni yeye, mkeo. Karibu na hapo mzee analalamika kwamba amefika penye neno la kutisha kulisema. Nami kulisikia, anajibu Oedipus, lakini lazima nilisikie.

Na lile swali la hesabu, walikuwa wengi au mmoja? Haliulizwi. Kesi ya mauaji iliyowaleta wote pale haifungwi rasmi; imemezwa na kesi kubwa zaidi. Hakuna anayemuuliza mzee kwa nini alidanganya kuhusu majambazi, wala kwa nini aliomba kwenda malishoni. Najibu mimi: alimtambua muuaji, akaona mji unamshangilia, akaona malkia ni bibi harusi. Mtumwa angesema nini, na amwambie nani?

Apollo, na mkono wangu

Jocasta anajinyonga. Oedipus anaukuta mwili, anachomoa mabizimu ya dhahabu kwenye nguo zake, na kujitoboa macho. Wazee wa korasi, lile kundi la waimbaji jukwaani, wanamuuliza ni mungu gani aliyemsukuma. Apollo, anajibu, Apollo ndiye aliyeyatimiza mateso haya yangu. Lakini mkono uliopiga ni wangu mwenyewe.

Jibu hilo huwaudhi wanaotaka upande mmoja. Tauni iliipiga Athens mwaka 430 K.K., na wataalamu wengi wanaiweka tamthiliya hii katika miaka iliyofuata. Mwanahistoria Thucydides, aliyeugua tauni hiyo akapona, ameandika kwamba sala na maaguzi havikufaa kitu, mwishowe watu wakaviacha. Korasi ya Sophocles inaimba hofu hiyo hiyo: kama kauli za miungu hazitimii, sitakwenda tena Delphi kusujudu. Kwa watazamaji wale, kutimia kwa utabiri kulikuwa na faraja ya kutisha. Ulimwengu una mpangilio, hata kama mpangilio wenyewe unatusaga.

Lakini sheria za Athens zilitofautisha. Aliyeua kwa kukusudia alishtakiwa kwenye baraza la Areopagus. Aliyeua bila kukusudia alikuwa na baraza lake, Palladion. Najisi ya damu ilikuwa jambo moja, hatia ya nafsi jambo jingine. Oedipus ni najisi bila shaka yoyote. Kuhusu hatia, maelezo ya darasani ya kwamba anaadhibiwa kwa ajili ya kiburi hayasimami. Aristotle alizungumzia kosa, la mtu asiye mwovu. Ni kiburi gani kilichomfanya alale na mama yake? Alichokitenda bila kujua kilikuwa cha majaaliwa. Alichokitenda siku ile, kutuma, kutangaza, kulaani, kumbana mzee hadi aseme, kilikuwa chake, na hakuna Apollo aliyemtabiria kwamba atajua. Angeweza kuacha mara tatu: Tiresias alimwomba, mkewe alimwomba, mchungaji alimwomba. Waombaji wote watatu walikuwa wanajua.

Sophocles alikirudia kisa hiki uzeeni, katika tamthiliya iliyochezwa mwaka 401 K.K., baada ya kifo chake, chini ya usimamizi wa mjukuu wake. Oedipus ni mzee, anaombaomba, ameshikwa mkono na bintiye Antigone, amefika Colonus karibu na Athens, kijiji alichozaliwa mwandishi mwenyewe. Hajipigi kifua tena. Anajitetea kama wakili: niliua nikijilinda, nilioa bila kujua, mbele ya sheria mimi ni safi. Anasema hata kwamba hasira ilipopoa alitambua kuwa alijiadhibu kupita kiasi cha makosa yake. Awali aliomba afukuzwe, hawakumfukuza. Alipotulia na kutaka kubaki nyumbani, ndipo Thebes ikamtoa, na wanawe wa kiume hawakusema neno.

Kisha Creon anakuja Colonus kumbembeleza arudi. Thebes imeambiwa kwamba kaburi la Oedipus litailinda nchi litakakokuwa, basi wanamtaka. Si ndani ya mji, mpakani tu. Creon anaongea kwa upole, kwa jina la ujamaa. Oedipus anamrukia kwa ukali ule ule wa zamani: wewe ni mjanja, maneno yako matamu, umekuja kwa hila. Ni karibu tuhuma ile ile aliyomtupia katika tamthiliya ya kwanza, ilipokuwa ya uongo. Safari hii ni kweli: binti yake mwingine, Ismene, amekwisha kukamatwa, na walinzi wa Creon wanamburuta Antigone mbele ya baba asiyeona.